Manga ikichezwa na watu halisi: kwa nini Rurouni Kenshin ilisimama na nyingine zikaanguka?

#1 | Mkasi Butu

Wakuu, habari za muda huu.

Kila ikitangazwa filamu mpya ya manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) itakayochezwa na watu halisi, ubishi ni ule ule: wigi baya, grafiki za bei chee, steringi hafanani na mchoro. Hoja yangu ni kwamba hayo yote ni ya juu juu. Kinachoua hizi filamu ni mahali mkasi ulipopita. Sura moja ya manga ya kila wiki ni kurasa kama 19, na hadithi inakwenda miaka mitano, kumi, ishirini. Filamu ni saa mbili. Asiyejua kukata anabaki na muhtasari wenye mavazi.

Mfano wa kukata vizuri ni Rurouni Kenshin ya mwaka 2012, hadithi ya Kenshin, muuaji wa zamani aliyejulikana kama Battosai ambaye sasa kaapa kutoua tena. Manga ya Nobuhiro Watsuki ilitoka kwenye jarida la Shonen Jump kuanzia 1994 hadi 1999, vitabu 28. Mwongozaji Keishi Otomo hakuthubutu hata kuvigusa vyote. Angalieni alivyofanya ndani ya dakika 134:

Kwanza, kaunganisha maadui. Kwenye manga, anayejipachika jina la Battosai na kuua watu Tokyo ni Hiruma Gohei. Udo Jin-e, muuaji wa kofia nyeusi, ni mtu mwingine kabisa anayekuja baadaye. Filamu imewafanya mtu mmoja. Kwa hiyo adui unayemwona mapema ndiye huyo huyo utakayekutana naye kwenye pigano la mwisho, na hakuna dakika iliyopotea kumtambulisha wa pili.

Pili, kaacha watu nje bila huruma. Tajiri wa kasumba, Takeda Kanryu, kwenye manga analindwa na kikosi cha Oniwabanshu chini ya Aoshi. Aoshi ni mhusika mzito, ukimleta unadaiwa nusu saa ya maisha yake. Otomo kamwacha, na ulinzi kawapa Gein na Banjin, ambao kwenye manga wanatokea mbele huko. Hapa ni mabaunsa tu, hawahitaji historia. Aoshi alikuja 2014, wakati nafasi yake ipo.

Tatu, filamu nzima ina swali moja: aliyeapa kutoua tena, atavunja kiapo? Inafunguka vitani Toba-Fushimi, Januari 1868, upanga unaachwa umechomekwa ardhini. Inafungwa Jin-e akiwa amezibana pumzi za Kaoru, msichana aliyempa Kenshin makazi, ili kumlazimisha Kenshin arudi kuwa muuaji. Kila kilicho katikati kinalitumikia swali hilo.

Sasa weka kando yake Dragonball Evolution ya 2009. Manga ina vitabu 42, filamu ina dakika 85. Goku, shujaa wa hadithi, amefanywa kijana wa shule ya sekondari Marekani anayeonewa na wenzake. Swali la filamu ni lipi? Dragon Balls? Piccolo? Msichana? Babu aliyekufa? Yote yapo, na hakuna hata moja lililopewa muda wa kuiva. Mwandishi wa skripti, Ben Ramsey, aliwaomba mashabiki radhi mwaka 2016 na kukiri kwamba alifuata malipo makubwa, hakuwa shabiki.

Karibuni, mnipinge kwa nondo.

#2 | Kigoda cha Mbele

Nimeshakaa. Endeleeni.

#3 | Dada Cherehani

Mleta uzi, kwenye mkasi nakuunga mkono, ila hapo kwenye wigi umepita haraka mno. Wigi si jambo la juu juu. Mtazamaji akishaona wigi ndani ya sekunde tano za kwanza, hadithi yako hata iwe imekatwa na malaika, hasikilizi tena.

Shida inaanzia kwenye wino. Nywele za kwenye manga hazina uzito, zimechorwa ili umtofautishe mhusika akiwa mdogo kama punje kwenye ukurasa. Ukizileta kichwani kwa mtu mambo manne yanaharibika.

Rangi. Nyekundu ya jalada la Kenshin ukiipaka kwenye nywele halisi, mwanga wake unadunda usoni na ngozi inaonekana ya mgonjwa. Walichofanya 2012 ni kuishusha hadi kuwa kahawia yenye wekundu wa kutu, halafu nguo yake nayo ikafifishwa kama iliyofuliwa na kuanikwa juani miaka. Ukitazama haraka unaona "Kenshin mwekundu", lakini kwenye skrini hakuna nyekundu kali hata moja.

Mng'ao. Nyuzi za plastiki zinarudisha mwanga kama kioo. Dawa ni nywele za binadamu, au poda ya kuua mng'ao, inayorudiwa kila baada ya mapumziko kwa sababu jasho linaifuta.

Mstari wa paji la uso. Hapa ndipo wigi la bei ndogo linapojisaliti. Inatakiwa lesi nyembamba ya wavu, unywele mmoja mmoja umefungwa kwa mkono, na mizizi sentimita moja hivi iwe nyeusi kidogo kuliko ncha. Ndiyo maana steringi wengi wa manga wanapewa nywele za kuangukia usoni: zinaficha gundi.

Ujazo. Miiba ile ya Goku haisimami bila jeli nyingi, na nywele zilizosimamishwa kwa jeli hazichezi upepo ukipita. Nguo inapepea, nywele zimeganda. Jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini.

Fullmetal Alchemist ya 2017 ilipigwa picha Volterra, Italia. Mawe ya kweli, jua la kweli, halafu ndani yake nywele za manjano za dukani. Mazingira yalivyokuwa ya kweli ndivyo wigi lilivyozidi kupiga kelele.

Kinyume chake ni Gintama, mwaka ule ule. Shun Oguri kavaa wigi la fedha ambalo ni wigi waziwazi, na hakuna anayelalamika. Kwa nini? Filamu yenyewe inajicheka tangu mwanzo. Kwa hiyo siyo kwamba wigi lazima liwe zuri. Lazima liwe la dunia ile ile na kila kitu kinacholizunguka.

#4 | Mzee wa Fremu

Dada Cherehani kaongea vitu. Mimi nitakaa kwenye mwendo, maana ndiko Kenshin ilikowaacha wenzake mbali.

Filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Anime (katuni za video za Kijapani) ya televisheni mara nyingi inachora picha 8 au 12 tu kwa sekunde, kila picha inashikiliwa fremu mbili au tatu. Mchoraji anamsimamisha mhusika hewani, anaweka mistari ya kasi, halafu pigo. Jicho linajaza pengo. Mwambie binadamu asimame hivyo hivyo mbele ya kamera: utaona mtu anayetetemeka kwenye mkao wa picha ya harusi. Waongozaji wengi wanakimbilia kupunguza kasi ya picha, na hapo ndipo utamu unapokwisha. Kasi ya manga umeigeuza kuwa uzito wa konokono.

Otomo alimkabidhi mapigano Kenji Tanigaki, Mjapani aliyejifunzia kazi Hong Kong na kufanya kazi na Donnie Yen. Kachagua njia ngumu: mtu akimbie kweli. Takeru Satoh sehemu kubwa ya mapigano kayafanya mwenyewe. Anakimbia kifua kimeinama karibu na ardhi, anageuka kwa kuteleza badala ya kusimama, na kamera inamfuata ikiwa chini. Mapigo yanakuja kwa mafungu marefu, siyo pigo moja, kata, pigo moja, kata. Waya upo, kwa mfano anapokimbia ukutani, lakini unatumika kumwongezea mwili pale ambapo miguu ya mtu ingeishia. Haumbebi kutoka mwanzo.

Na majina ya mapigo yanatajwa kwa nadra. Kwenye manga jina la pigo ni nusu ya pigo. Kwenye filamu, mtu anayetangaza atakachofanya kabla hajakifanya anapigwa.

Kuhusu panga: filamu za samurai hazipigani na chuma chenye makali. Kuna upanga wa mianzi uliofunikwa karatasi ya fedha, mwepesi, wa mapigo ya haraka. Kuna wa aloi ya aluminiamu kwa picha za karibu, kwa sababu unang'aa na kulia vizuri. Na kuna wa mpira au plastiki kwa pigo linalogusa mwili. Tukio moja la sekunde kumi linaweza kutumia zote tatu, wewe unaona upanga mmoja.

Upanga wa Kenshin una tatizo lake la ziada. Makali yako upande wa ndani wa mkunjo. Upanga wa kawaida ukichomolewa, mgongo ndio unaoteleza kwenye ala. Huu ukiuchomoa vile vile, makali ndiyo yanayosugua mbao. Kwa maana hiyo mpiganaji aliyesifika kwa kuchomoa haraka kapewa upanga usiopenda kuchomolewa haraka. 

Sasa Attack on Titan ya 2015. Shinji Higuchi ni fundi wa majitu, hilo halina ubishi. Lile Jitu Kuu ni mwanasesere mkubwa aliyeendeshwa na watu kadhaa kwa pamoja, na mengine ni waigizaji waliopakwa na kupachikwa kwenye picha, ndiyo maana nyuso zao zinatia kichefuchefu kwa namna nzuri. Kilichokufa ni kuruka. Mtu anayevutwa kwa kamba kiunoni, nyonga inatangulia, miguu na kichwa vinachelewa, na akifika chini ya mzunguko uzito wake unazidi. Pale unaona watu wanaoning'inia katikati huku mandhari yanasogezwa nyuma yao. Hakuna uzito, hakuna hofu.

#5 | Chumba Namba Nane

Mkuu Mkasi Butu, swali dogo la kukutoa jasho. Oldboy ya Park Chan-wook, 2003. Imetoka kwenye manga ya Garon Tsuchiya na Nobuaki Minegishi, vitabu 8. Park kahamisha nchi, kabadilisha majina, na sababu ya mtu kufungwa ni tofauti kabisa na ya kwenye manga. Ikachukua Grand Prix Cannes 2004. Ule ugomvi wa kwenye korido kwa nyundo, upande mmoja hadi mwingine bila kukata, ulirudiwa mara 17 ndani ya siku tatu. Huyo hakukata. Huyo kachoma kitambaa kizima akashona kingine. Uaminifu kwa manga uko wapi hapo?

#6 | Mkasi Butu

Chumba Namba Nane, nilijua utaileta hiyo, na jina lako lishakusaliti.

Sijasema uaminifu. Nimesema mkasi. Park kabakiza kitu kimoja tu kutoka kwenye manga: mtu kafungiwa miaka bila kuambiwa kosa, katolewa bila kuambiwa sababu, na sasa anaitafuta. Hilo swali hakuligusa. Jibu ndilo alilobadilisha. Unaweza kubadilisha jibu ukabaki salama. Ukibadilisha swali umeandika kitu kingine, basi kiite jina lingine.

Pima kwa Death Note, kisa cha Light, kijana mwenye daftari linaloua anayeandikwa jina humo, na L, mpelelezi anayemsaka, maana ipo mara mbili. Ile ya Kijapani ya Shusuke Kaneko ilitoka vipande viwili, Juni na Novemba 2006. Mwisho wake si wa manga (asiyetaka kuharibiwa aruke aya hii). Kwenye manga L anashindwa. Kwenye filamu L anaandika jina lake mwenyewe kwenye daftari kabla Light hajamwahi, na kujipangia kifo siku 23 mbele. Ile 23 hawakuitunga: ndani ya manga daftari lina kanuni kwamba kifo hakiwezi kupangwa zaidi ya siku 23. Jibu jipya limejengwa kwa matofali ya zamani. Swali ni lile lile: nani mjanja zaidi ndani ya kanuni hizi?

Ya Netflix ya 2017, dakika 101, Light ni kijana anayepayuka akimwona Ryuk, mungu wa kifo mwenye daftari hilo, na kumwonyesha msichana daftari karibu mara moja. Light wa manga silaha yake ni utulivu wa uso. Ukiuondoa huo, mchezo wa akili haupo, imebaki filamu ya kutisha ya vijana wa shule. Willem Dafoe kwenye sauti ya Ryuk katendea haki, lakini mpishi mmoja hawezi kuokoa shughuli nzima.

#7 | Nahodha wa Mrima

Mbona hamuitaji One Piece, ile ya maharamia wa Luffy? Tena hiyo imepigwa picha Afrika.

Ni tamthilia, si filamu, lakini mkasi wake uko wazi. Ilitoka 31 Agosti 2023, sehemu 8, imefunika takriban sura 95 za mwanzo. Imerekodiwa Cape Town, Afrika Kusini. Meli ya Going Merry na mgahawa wa Baratie vilijengwa kama seti za kweli za kutembea juu yake, si kitambaa cha kijani pande zote. Hilo linasaidia hata uigizaji: anayepanda ngazi ya mbao anapanda kama mtu.

Mkasi wenyewe: Don Krieg, ambaye kwenye manga ana vita nzima ya Baratie, hapa kapewa dakika chache na kumalizwa na Mihawk, bingwa wa upanga. Kwa pigo hilo moja wamemwondoa adui na kumtambulisha Mihawk ni mtu wa namna gani. Upande wa pili, Garp, afisa wa jeshi la majini, kaletwa mwanzoni kabisa awakimbize. Kwenye manga kujulikana kwamba ni babu yake Luffy ni jambo la baada ya sura 400. Wamelipa siri kubwa ili kila sehemu iwe na mtu anayewafukuza.

Halafu waigizaji. Zamani Oda, mwandishi wa manga hiyo, aliulizwa na wasomaji, kama watu wake wangekuwa wa dunia yetu wangetoka wapi. Akajibu Luffy Brazili, Zoro Japani, Nami Uswidi, Usopp Afrika, Sanji Ufaransa. Waliochagua waigizaji waliifuata roho ya jibu hilo, kwa hiyo kelele za "Usopp mbona mweusi" zilikuwa za watu wasiosoma maswali na majibu ya vitabu vyenyewe.

Kwa wapenzi wa Kenshin: Zoro ni Mackenyu, ndiye Enishi, adui mkuu wa Rurouni Kenshin: The Final. Ukimtazama Zoro anavyoweka miguu utaona darasa alilopitia.

#8 | Kalamu Nyeusi

Nahodha, ongeza hili: kampuni iliyotengeneza One Piece, Tomorrow Studios, ndiyo iliyotengeneza Cowboy Bebop. Bebop ilitoka 19 Novemba 2021 na ikafutwa kabla Desemba haijafika katikati. Kampuni moja, jukwaa moja (Netflix), miaka isiyofika miwili kati yake. Kwa hiyo maneno ya "Netflix hawawezi" au "Wamarekani hawawezi" hayatoshi.

Tofauti mojawapo ni nani ana neno la mwisho. Oda ni mtayarishaji mtendaji, na katika barua yake ya 2023 kwa mashabiki alieleza kwamba Netflix walikubali kutoitoa mpaka yeye aridhike.

Tofauti nyingine ni umbo. Anime ya Bebop ya 1998 ni sehemu 26 za dakika 24 hivi, nyingi zinajitegemea: mhalifu mmoja, wimbo mmoja, huzuni moja, basi. Vicious, adui mkuu, anaonekana mara chache, na uchache ndio unaomfanya atishe. Toleo la watu halisi lina sehemu 10 ndefu zaidi, likamvuta Vicious na Julia kila sehemu ili kuwe na hadithi ya kuendelea. Hapo mkasi haukukata, ulinyoosha. Manga ndefu inakufa kwa kubanwa. Anime ya visa vifupi inakufa kwa kuvutwa.

Yu Yu Hakusho nayo ikaangukia shimo la kwanza. Anime ina sehemu 112. Toleo la Desemba 2023 lina 5. Mapigano yamepigwa vizuri sana, lakini ndugu Toguro, maadui wakubwa, wanafika kabla hujamzoea hata Kuwabara, rafiki wa steringi.

#9 | Mhasibu wa Popcorn

Tuongee pesa kidogo, kwa sababu mkasi mara nyingi haushikwi na mwongozaji.

Filamu kubwa ya Kijapani kwa kawaida inafadhiliwa na kamati: mchapishaji wa manga, kituo cha televisheni, msambazaji, kampuni ya matangazo, wakala wa waigizaji. Kila mmoja anaweka fungu na kila mmoja anataka chake. Wakala anataka kijana wake awe steringi. Televisheni inataka itoke msimu wa likizo. Mchapishaji anataka kila mhusika anayeuza vitabu aonekane, hata kwa sekunde kumi. Ukiona filamu ya manga ina watu kumi na watano wanaopita wakitaja majina yao na kutoweka, hiyo mara nyingi ni kamati inayozungumza.

Mwandishi wa manga mwenyewe anaweza kupata kidogo mno. Mari Yamazaki alieleza hadharani kwamba kwa Thermae Romae ya 2012, iliyoingiza zaidi ya yeni bilioni 5 kwenye majumba ya sinema, yeye alilipwa takriban yeni milioni 1 za haki ya kutumia kazi yake. (Filamu yenyewe nzuri, na ujanja wake wa bajeti ni darasa: walikwenda Cinecittà, Italia, wakatumia seti ya Roma ya kale iliyoachwa na tamthilia nyingine.)

Upande wa Hollywood hesabu ni hii. Ghost in the Shell ya 2017 iligharimu dola milioni 110 na kuingiza karibu milioni 170. Mtu anaona faida ya 60. Hapana. Majumba ya sinema yanabaki na karibu nusu, kwa hiyo studio imeona kama 85, na matangazo bado hayajahesabiwa. Alita ya 2019 iligharimu 170 ikaingiza karibu 405, na kwa hesabu hiyo hiyo unaelewa kwa nini hawakukimbilia sehemu ya pili. Filamu ikigharimu hivyo, watendaji wanaogopa kila kitu kigeni ndani yake, na ugeni ndio uliowapendeza watu kwenye manga.

Kingdom ya 2019 inafundisha kinyume. Shinsuke Sato kachukua vitabu 5 vya kwanza tu, mwandishi Yasuhisa Hara mwenyewe akiwa mmoja wa walioandika skripti, wakaenda China kupiga picha za majeshi na farasi wa kweli. Ikalipa, ikazaa ya 2022, 2023 na 2024.

#10 | Mgeni Njoo

Wakubwa shikamooni. Sisi ni kikundi cha vijana, tuna kamera moja na simu mbili. Tunataka kutengeneza filamu fupi ya mtindo wa manga ya samurai. Tuanzie wapi?

#11 | Mzee wa Fremu

Marahaba mdogo wangu.

Msichukue manga ya mtu. Hata kama hamtozi senti, haki ni ya mwandishi na mchapishaji, na video inaweza kuondolewa siku yoyote. Andikeni hadithi yenu, chukueni mbinu tu.

Anzeni na urefu wa sura moja, kurasa 19. Kila ukurasa upeni kama sekunde 25, mna dakika 8. Ukurasa una picha tano hivi, jumla kama 95. Msipige zote. Pitieni na kalamu nyekundu, bakizeni zile ambazo mkizipanga bila maneno hadithi bado inaeleweka. Mkibaki na 40 mko pazuri.

Pigano lisizidi sekunde 50. Ligaweni mafungu ya mapigo matatu au manne, kila fungu liishe kwa mmoja kupoteza kitu: mizani, nafasi, silaha. Fanyeni mazoezi nusu ya kasi mpaka miguu isitafutane, ndipo muongeze. Wanaoanza na kasi kamili wanaishia na vidole vilivyovunjika.

Upanga: mwanzi au mbao laini, sehemu ya bapa sentimita 70 hivi, kona zote zipigwe msasa ziwe butu, karatasi ya fedha ivishwe juu bila mikunjo. Pigo lipite shubiri moja mbele ya mwili. Kamera ikae nyuma ya bega la anayepigwa, mstari mmoja na upanga, hapo pengo halionekani. Mkiiweka ubavuni, kila mtu ataliona.

Sauti ya upanga msitegemee ya siku hiyo. Mwanzi unalia kama ufagio. Rekodini visu vya jikoni vikisuguana, na kitambaa kikikung'utwa, mpachike baadaye.

#12 | Dada Cherehani

Mgeni Njoo, na nguo msivae siku mliyoshona. Fueni mara tatu, anikeni juani, chovyeni kwenye chai nyeusi, halafu pitisheni msasa kwenye viwiko, magoti na ukosi. Vumbi liwe zito kwenye pindo, likipungua kuelekea juu. Wengi wanapaka uchafu sawasawa mwili mzima, mtu anaonekana kaangukia tope, si kwamba kasafiri.

Wigi kama hamna la maana, acheni. Fungeni kitambaa au vaeni kofia ya majani.

#13 | Kigoda cha Mbele

Kwa asiyeanza Kenshin, ziko tano. Aanze na ipi? Naona moja inaitwa The Beginning.

#14 | Mkasi Butu

Usidanganywe na jina. The Beginning ilitoka mwisho, Juni 2021, ingawa matukio yake ni ya kabla ya zote. Fuata mpangilio wa kutoka: ya 2012, mbili za 2014 (Kyoto Inferno kisha The Legend Ends, zitazame siku mbili mfululizo kwa sababu ya kwanza inakatikia njiani), halafu The Final, halafu The Beginning.

Sababu ni upanga. Filamu nne unamwona akipigana bila kuua, kila pigo anajizuia. Ya tano ana upanga wa kawaida na hajizuii. Mapigano ni mafupi, mtu anaanguka mara moja, hakuna mbwembwe za ukutani. Ukianza na hiyo utaona muuaji mahiri tu. Ukimaliza nayo utajua anachokimbia.

#15 | Kalamu Nyeusi

Nakazia. Na baada ya hapo itafute anime fupi ya 1999 inayosimulia kisa hicho hicho cha Kenshin na Tomoe. Tazama tukio la kwenye theluji pande zote mbili. Mchoro unamwaga damu kwa rangi moja tambarare, filamu inakwenda kimya na kumwachia Kasumi Arimura, anayeigiza Tomoe, mkono unaotetemeka na kisu kidogo.